Kitambaa Juu ya Friji Gadi

Nanyuki
9 Januari 1989

Kwa Mama Murugi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini hujambo, sukari imetulia, na ule mguu uliokuwa ukifa ganzi umepata nafuu. Sisi tuko salama, vumbi mchana na baridi usiku. Zeynab ametimiza miaka miwili, anaongea lugha tatu kwa pamoja na hatumwelewi hata moja. Murugi yuko hapa anapiga pasi. Hakuniambia nikusalimie, lakini pia hakunikataza, kwa hivyo nakusalimia kwa niaba yake.

Mama, najua si kawaida mkwe kumwandikia mama mkwe mambo ya soketi. Nivumilie. Unakumbuka ile friji gadi nilikutumia mwaka wa 1985, uliponunua friji ya kuweka dawa yako? Kile kisanduku cheupe alichokuletea Kagure, binamu yake Murugi, cha kuzuia stima ikipanda ghafla isichome friji. Nataka kujua iko namna gani.

Wiki iliyopita niliitwa kwa hoteli moja hapa mjini. Friji imeungua, nyama imeoza, mwenye hoteli ananionyesha gadi kwa ukali. "Si ni wewe uliniuzia hii? Si taa inawaka?" Kweli taa ilikuwa inawaka. Nikaifungua palepale juu ya meza. Kile kidude cha ndani kinachomeza stima ikiruka kilikuwa kimepasuka, kimekuwa mkaa. Gadi ilikufa kitambo, stima inapita tu hivi hivi, na sisi wote tunaangalia taa na kufurahi.

Wallahi niliona aibu. Miaka yote nimeuza hizi vitu nikidhani zinakaa milele. Kumbe kila stima ikiruka, gadi inapunguka kidogo. Radi moja kubwa karibu na nyumba inaweza kuimaliza mara moja. Hata bila radi, miaka mitatu minne inatosha, na yako sasa inaingia wa nne.

Kwa hivyo naomba uangalie. Iko na taa mbili. Nyekundu inasema stima inapita, basi. Kijani ndiyo inasema ulinzi bado uko. Kijani ikizima, hata kama nyekundu inawaka na friji inanguruma, hapo huna gadi, uko na kisanduku. Angalia pia kama plastiki imegeuka rangi ya chai, kama inanuka kuungua, kama ni moto ukiigusa, kama inalia zzz. Ukiona moja tu ya hayo, itoe.

Niko na mpya dukani. Naweza kumpa Kagure akija huku. Sisemi ile ya kwanza ilikuwa mbaya, na sisemi hukuitunza. Nasema imezeeka tu.

Mkwe wako,
Hashi, Baba Zeynab


Othaya
29 Januari 1989

Bwana Hashi,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi sijambo kwa umri wangu. Mguu ni uleule, hauniambii jambo jipya. Nafurahi kusikia mtoto anaongea. Mama yake naye alianza mapema na hakunyamaza mpaka alipoolewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Ualimu hautoki mwilini hata ukistaafu. "Hizi vitu" si Kiswahili, Bwana Hashi. Ni "vitu hivi". Lakini maelezo yako ni mazuri, ningekupa alama saba kwa kumi.

Sasa nikujibu. Gadi iko juu ya friji na inafanya kazi. Taa naiona ikiwaka kupitia matundu ya kitambaa. Ndiyo, nimeifunika kwa kitambaa cha krosheti, cheupe chenye ukingo wa samawati, na usinicheke. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, kwa nini gadi ikae uchi?

Lakini wewe ni mtu mzima, nitakwambia sababu yenyewe. Ile gadi ina stika ya duka lako, jina lako limeandikwa kwa wino mwekundu, hata mtu wa mlangoni analisoma. Na Theuri, ndugu ya marehemu mume wangu, huja hapa kila jioni kusikiliza taarifa ya habari. Hujasahau alichosema mbele ya wazee ulipokuja kumposa Murugi. Mbuzi wako walirudishwa kwa sababu ya dini, na Theuri akasema kitu chako chochote kikiingia katika boma letu, itakuwa tumekula mahari kwa siri. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nikimimina chai. Sikusema neno.

Kwa hivyo Theuri akiuliza kilicho chini ya kitambaa, namwambia ni chombo cha friji nilichonunua Nyeri. Nimesema uongo huo kwa miaka mitatu, na mimi ni mama wa kanisa. Usiniongezee wa pili. Hii uliyonipa ni zawadi, na zawadi haibadilishwi kama kiatu kilichoisha soli. Inanitosha.

Dawa yangu inakaa vizuri kwenye mlango wa friji, chupa mbili kila nikitoka hospitali. Nadunga kila asubuhi kabla ya chai. Bila hiyo friji ningekuwa nimezikwa karibu na Baba Murugi.

Msalimie mtoto.

Mama Murugi


Nanyuki
11 Februari 1989

Mama,

Salamu sana. Sisi wazima. Nimefurahia alama saba. Shuleni Kiswahili sikuwahi kuvuka nne.

Mama, taa gani?

Umeandika "taa naiona ikiwaka". Sijui ni ya kijani au nyekundu, na hapo ndipo kila kitu kiko. Nakuomba, ondoa hicho kitambaa kwa dakika moja, Mzee Theuri akiwa kwake, uangalie. Na kitambaa kisirudi. Gadi inataka hewa. Ukiifunika inashika joto, na joto linaizeesha haraka. Kama shida ni jina langu, chukua wembe ukwangue stika yote. Sitakasirika. Jina langu likitoka na wewe ukae salama, hiyo ni biashara nzuri kwangu.

Kama ya kijani haiwaki, usingoje mimi. Nenda Nyeri ununue mpya kwa duka lolote, na pesa yako mwenyewe, hakuna mtu atasema ni mahari. Na mvua ikianza, ukisikia ngurumo, chomoa plagi ya friji kabisa. Friji ikifungwa inakaa na baridi masaa kadhaa, dawa haitaharibika.

Nimekusumbua, najua. Mama yangu mzazi alikufa na sukari, hapo Isiolo, na hakukuwa na friji. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza.

Nangoja jibu lako.

Mkwe wako,
Hashi


Nanyuki
14 Machi 1989

Mama,

Salamu. Nimetuma barua moja mwezi uliopita na sijapata jibu. Pengine posta. Pengine nilikukosea heshima kwa kukuambia uondoe kitambaa chako, na kama ni hivyo nisamehe. Mkwe anafaa kujua mipaka yake. Sitakuuliza tena habari ya taa. Niambie tu kama uko mzima.

Hashi


Othaya
22 Aprili 1989

Bwana Hashi,

Amani ya Bwana iwe kwenu. Najua sasa mko katika mfungo, Mungu awape nguvu. Hapa mvua imekuja na hasira. Barabara ya sokoni ni matope matupu, kahawa imechanua, na magugu yanatushinda.

Nimechelewa kujibu na sina sababu nzuri. Nilikuwa na mambo. Na kweli nilikasirika kidogo, umenielekeza kama mtoto wa darasa la pili. Lakini hasira yangu haidumu, Murugi atakwambia, ingawa yake inadumu.

Acha nikuchekeshe sasa. Jumapili ya tarehe tisa tulikuwa kanisani, radi ikapiga mti wa jirani yangu Gatimu, hatua hamsini kutoka jikoni kwangu. Ng'ombe wake akaanguka papo hapo. Balbu zangu mbili zikapasuka, na stima ikapotea siku mbili. Nikasema, basi, friji yangu mimi Mwalimu Ngendo imekwenda na ng'ombe wa Gatimu. Lakini stima iliporudi, friji ikaamka na nguvu mpya! Zamani ilikuwa inanguruma kidogo halafu inapumzika. Siku hizi haipumziki hata kidogo, mchana na usiku inafanya kazi. Maziwa yanakuwa barafu. Majirani wanakuja kuomba vipande vya barafu wawape watoto. Hata dawa yangu naikuta imeganda kama jiwe kila asubuhi, lakini hilo si shida, naweka chupa kwenye maji ya vuguvugu, inayeyuka, natikisa sana mpaka vile vipande vyeupe vipungue, halafu nadunga. Kwa hivyo gadi yako ni ya nguvu, na ile hotuba yako ya taa mbili nimekusamehe.

Mimi nimechoka tu, nadhani ni palizi. Kiu haiishi, nakunywa birika nzima na bado. Usiku naamka mara nne tano kwenda haja. Macho nayo yananichezea, mistari ya Biblia inaingiliana. Mvua ikipungua nitapata nafuu.

Mwambie Murugi (kama anasikiliza) kwamba ule mparachichi wake umezaa.

Mama Murugi


Nje ya geti lako
Ijumaa, 5 Mei, saa nane

Mama,

USIDUNGE HIYO DAWA. Imekufa. Dawa ya sukari ikiganda mara moja tu imekwisha, hata ikiyeyuka na ionekane sawa. Mimi natengeneza friji za maduka ya dawa, hilo ndilo jambo la kwanza wanatuambia. Friji yako haikupata nguvu mpya. Radi imeunganisha swichi ya ndani, haiwezi kuzima tena. Unajidunga maji tangu Aprili.

Nilikuwa Isiolo siku kumi, kazi ya waya. Nimefungua sanduku la posta leo asubuhi, nikasoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaingia kwa pikapu. Mzee Theuri amefunga geti. Anasema Msomali hataingia boma ya ndugu yake. Nimemweleza habari ya dawa, anasema namtishia. Nimeita jina lako mara nyingi. Hakuna mtu anajibu, na mlango wako uko wazi.

Naenda hospitali kumchukua Kagure, yeye ni nesi na ni mtoto wa kwenu, hawatamfungia. Atakupa karatasi hii. Mama, mfuate. Tafadhali.

Hashi


Wodi ya wanawake, Nyeri
19 Mei 1989

Hashi,

Leo nimeruhusiwa kukaa, na nimeomba kalamu kabla ya uji. Mwandiko ni mbaya, macho bado yana ukungu. Daktari anasema mengine yatarudi na mengine sijui. Sukari inashuka. Nakula. Nimeamka siku ya nne, na mtu wa kwanza kumwona ni Kagure, akanipa karatasi yako ikiwa imekunjwa vilevile, maana siku ile aliponiletea sikuweza kuisoma. Ameniambia alinikuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, na kwamba Theuri alikufungulia geti, mkanibeba pamoja hadi kwenye pikapu, yeye mikono, wewe miguu. Ameniambia ulifungua saumu yako na chai ya mlinzi hapo nje ya wodi, na kwamba Idi ilikukuta kwenye benchi.

Asante haitoshi, kwa hivyo nitakwambia ukweli, ambao ni mgumu zaidi kuusema.

Nilikusikia. Siku ile, pale getini. Nilikuwa nimelala na mlango wazi kwa sababu ya joto la mwili. Nilisikia pikapu, nikasikia sauti yako ukiita Mama, Mama. Nilisikia hata neno dawa. Nilikuwa na nguvu ya kuitikia, Hashi. Si nyingi, lakini ilikuwapo. Nikafikiri, nikiitikia, Theuri atajua kwamba tunaandikiana. Nikanyamaza. Ulipoondoka ndipo nikaogopa, nikajaribu kuinuka, na hapo sikumbuki tena.

Kuna lingine. Nilikuandikia kwamba nilikuwa na mambo, ndiyo maana sikujibu. Sikuwa na mambo. Barua yako ya Februari ilipofika, nilingoja Theuri aende kwake, nikafunua kitambaa. Taa ya kijani ilikuwa imezima. Plastiki imekuwa rangi ya chai, kama ulivyosema, na upande mmoja ina alama ya moto. Nilijua kabisa maana yake, mimi ni mwalimu, nimekusoma vizuri. Ningeweza kwenda Nyeri kununua nyingine, uliniambia hivyo. Lakini Theuri angeuliza kwa nini nabadilisha chombo nilichosema nilikinunua Nyeri, angetaka kukiona, na uongo wangu ungefumuka. Nikaifunika tena. Halafu nikakaa miezi miwili bila kukujibu, kwa sababu ungeniuliza tena taa gani, na mimi kukudanganya wewe pia nilishindwa.

Ile barua yangu ya mwisho, ya kukuchekesha na barafu, nadhani nilikuwa najichekesha mwenyewe. Nilijua gadi imekufa. Habari ya dawa kuganda sikuijua, naapa. Lakini kama gadi ingekuwa nzima, dawa isingeganda.

Siku ile wazee walipokurudishia mbuzi nilinyamaza vilevile. Murugi aliniangalia, akingoja niseme, nami nikaendelea kumimina chai. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza kwa heshima. Haikuwa heshima. Niliogopa watu.

Msomee barua hii. Yote, usiruke mahali.

Ngendo


Nanyuki
27 Mei 1989

Mama,

Nashukuru Mungu unakula. Nashukuru macho yako yameweza kuandika kurasa mbili.

Nilikasirika, sitakuficha. Niliposoma kwamba ulinisikia, niliweka barua chini nikatoka nje, nikazunguka soko lote bila kununua kitu. Nilikuwa nimepiga kelele pale mpaka koo ikauma, watu wa njia wanasimama wananitazama kama mwizi. Bado niko na hasira kidogo. Itaisha, lakini leo haijaisha, na wewe umeniambia ukweli, kwa hivyo na mimi nakuambia.

Friji yako imepona. Nilienda Jumatano. Geti ilikuwa wazi. Nimeweka swichi mpya ya baridi, na gadi mpya nimeipachika ukutani kabisa, kando, mahali pa hewa. Mzee Theuri alinishikia tochi saa nzima. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, "Hizi taa mbili ni za nini?" Nikamweleza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Amesema ataiangalia kila jioni akija kusikiliza habari. Mwezi na mwaka nimeandika juu yake na kalamu isiyofutika. Ikifika miaka mitatu inatoka, hata kama ni nzima. Kijani ikizima inatoka siku hiyohiyo. Radi ikipiga karibu, mniite. Zile chupa za dawa zote nimezivunja na kuzika.

Barua yako nilimsomea Murugi jikoni, yote, sikuruka mahali. Hakulia. Alimaliza kuosha vyombo, akavipanguza kimoja kimoja, akaniuliza basi ya Nyeri inaondoka saa ngapi. Hayo tu. Sijui ameamua nini. Miaka minne nimeishi na yeye na sijui.

Kwa hivyo usinijibu barua hii. Sikuiweka kwa posta, nimempa mtu mkononi. Amesimama hapo mbele ya kitanda chako sasa hivi, na mtoto mgongoni, na najua hatasema kitu.

Anza wewe.

Mwanao,
Hashi